UZI: Je, simu inaweza kujua kwamba una sonona? Nimekaa na hizi data, ngoja niwape ninachokijua

mchakata_data (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za saa hizi. Naona kila baada ya muda linarudi lile swali kwamba eti simu inaweza kugundua mtu ana sonona kabla mwenyewe hajajua, na majibu ni yaleyale, nusu wanasema uongo mtupu, nusu wanasema basi tumekwisha. Mi kazi yangu ni kuchakata data, na jambo lenyewe linanigusa maana nimeshapitia sonona mwenyewe na simu yangu ilikuwa inarekodi kipindi chote kile, kwahiyo nitaongea kwa pande zote mbili. Uzi ni mrefu, vumilieni.

Kwanza tuelewane maneno. Nikisema sensa namaanisha vile vidude vya kuhisi vilivyomo ndani ya simu, sio kuhesabu watu. Kuna akselerometa inayohisi mwendo. Ukiilaza simu mezani imetulia kabisa bado yenyewe inasoma kama 9.8, ule ni mvutano wa dunia, alafu ukiitia mfukoni ukaanza kutembea mstari unakuwa kama meno ya msumeno, kila hatua jino moja, ukikimbia meno yanarefuka na kubanana. Kuna GPS, kuna sensa ya mwanga pale juu karibu na skrini, kuna maikrofoni, kuna Bluetooth inayoona simu nyingine zilizo karibu, na kuna kumbukumbu ya lini skrini imefunguliwa na lini imefungwa. Katika hizo zote hakuna hata moja inayopima huzuni. Hakuna. Zinapima mwili uko wapi, umesogea kiasi gani, chumba kina giza au mwanga, kuna watu wanaongea au kimya. Huzuni inakisiwa tu kutokea hapo.

Chukua usingizi. Simu haijui kama umelala, inachojua ni kwamba haijasogezwa, chumba kina giza, kimya, na skrini haijaguswa tangu saa tano na robo usiku mpaka saa kumi na mbili kasoro asubuhi. Inajumlisha inasema huyu kalala. Sasa yule aliyekesha macho makavu anaangalia dari bila kugusa simu naye anaandikwa kalala fofofo. Shikeni hilo, tutalirudia.

Utafiti uliofungua watu macho ulifanyika chuo cha Dartmouth kule Marekani, muhula wa 2013, unaitwa StudentLife, wakiongozwa na profesa Andrew Campbell. Wanafunzi 48, wiki 10, simu za Android zinarekodi zenyewe bila mtu kubonyeza chochote. Maikrofoni ilikuwa inatambua kama kuna mazungumzo au hakuna na yanachukua muda gani, maneno yenyewe hayakuhifadhiwa, hesabu inafanyika ndani ya simu humohumo. Walichokiona ni kwamba waliolala kidogo na waliokuwa na mazungumzo machache ndo waliokuwa na alama kubwa zaidi za sonona kwenye dodoso. Na kitu kingine kinachouma ukikiangalia kwenye grafu, muhula unaanza watu wamechangamka, wanaongea, wanatembea, kisha kazi za darasa zinaanza kubana, stresi inapanda, usingizi na mazungumzo vinashuka pamoja, darasa zima, kama maji yanavyopungua kwenye ndoo iliyotoboka.

Baada ya hapo 2015 watafiti wa chuo cha Northwestern hukohuko Marekani, Sohrab Saeb na wenzake, wakachukua watu 40, wiki mbili, wakaangalia GPS na matumizi ya simu. Data zilizofaa kuchambuliwa zilikuwa za watu 28 tu. Wakaona mwenye dalili za sonona anakwenda sehemu chache, muda mwingi yupo nyumbani, na ratiba yake ya kutoka na kurudi haina mpangilio wa siku kwa siku. Na simu anaishika zaidi, wastani kama dakika 68 kwa siku dhidi ya 17 kwa asiye na dalili. Modeli yao, yaani programu ya kompyuta iliyofunzwa kukisia kutokana na data, ikatenganisha wenye dalili na wasio nazo kwa usahihi wa 86.5%. Hiyo namba ndo iliyozunguka magazeti yote.

Naweka nukta hapa nisikie kwanza.

---

Kipupwe

Mkuu asante kwa elimu. Ila 86.5% si kubwa sana hiyo? Kama simu inapatia mara nane na kitu katika kumi, mbona haijaingia hospitali mpaka leo?

---

mchakata_data

@Kipupwe swali zuri na ndo kiini cha uzi wenyewe.

Ni 86.5% ya watu 28. Watu 28 unawajua kwa majina ndani ya wiki moja. Wengine walipopanua wigo mambo yakabadilika. 2021 ulitoka utafiti wa Sandrine Müller na wenzake, walitumia GPS peke yake, kwenye kundi la wanafunzi 57 modeli ikafikia alama ya 0.82 kwenye kile kipimo ambacho 0.5 ni sawa na kurusha sarafu na 1 ni kupatia kila mtu. Wakaipeleka kwa Wamarekani 5,262 wa kila aina, vijana, wazee, wenye kazi, wasio na kazi, ikashuka hadi 0.57. Yaani pale na sarafu ni jirani.

Kwanini? Kwasababu wanafunzi wa chuo kimoja wanaishi maisha yanayofanana. Wana ratiba moja, darasa lilelile, mabweni yaleyale, kwahiyo mmoja akibaki chumbani siku tatu kweli ina maana. Lakini toka nje ya chuo. Nesi wa zamu za usiku, mama mwenye kichanga, dereva wa masafa, mtu anayefanyia kazi nyumbani, mgonjwa wa mguu, mzee anayeiacha simu kabatini mpaka jioni, nyumba ambayo simu moja wanashika watu watatu. Wote hao GPS inawaona "wameacha mpangilio" na hakuna hata mmoja lazima awe na sonona.

Na Chuo Kikuu cha Washington walikusanya data tangu 2018 mpaka 2021, watu 497, wakaziweka wazi 2022 kwa jina la GLOBEM, alafu wakajaribisha algorithimu nyingi zilizokuwa zimeshatangazwa na wengine. Zikipelekwa kwenye kundi jipya au mwaka mwingine hazifui dafu. Kuna kazi nyingine tena ya kukisia hisia za mtu kwa simu (sio sonona yenyewe), wanafunzi 678 kwenye nchi nane, ikiwemo China, India, Italia, Mexico na Mongolia, nayo ikaonesha modeli iliyofundwa nchi moja haihami vizuri kwenda nyingine, na kinachosaidia ni kuipa modeli data za mhusika mwenyewe.

Mimi ndo msimamo wangu huo wakuu na sitaki kuuficha: kunilinganisha mimi na watu wengine ni kazi bure. Nilinganishe mimi wa leo na mimi wa mwezi uliopita, hapo walau tunaongea.

---

fundi_wa_zamani

Hapo kwenye kujilinganisha mtu na nafsi yake si kulikuwa na ile MoodScope, ya kukisia hisia za mtu kwa anavyotumia simu yake? Nakumbuka walitangaza 93%.

---

mchakata_data

@fundi_wa_zamani ndio, 2013, watu 32 kwa miezi miwili, wao waliangalia simu, meseji, programu anazofungua mtu. Modeli ya jumla ilikuwa 66%, wakimjifunza mtu mmojammoja inapanda polepole mpaka 93%. Nilipoisoma mara ya kwanza nilifurahi sana. Ila 2016 Waholanzi walirudia kitu cha namna hiyohiyo kwa wanafunzi 27, wao wakapata kati ya 55% na 76%, na mbaya zaidi modeli zao zilizidiwa na mbinu rahisi kabisa ya kubashiri kwamba leo mtu atakuwa kama alivyo siku zote. Kaa nalo hilo. Watu wengi siku nyingi wako wastani, kwahiyo ukisema "yuko wastani" kila siku unapatia mara nyingi bila kujua chochote. Siku ambayo ni muhimu kuijua, ile moja anayoporomoka, ndo hiyohiyo unaikosa.

Kwahiyo hata njia ninayoiamini mimi haijathibitika kama watu wanavyoitangaza. Naiamini kwasababu nyingine, na hapa naomba nieleze yangu.

Nilikuwa nimeweka programu ya kurekodi kwa ajili ya kujifunza tu, data zinabaki kwenye kompyuta yangu. Ndani ya miezi ile nikaanza kuzama. Sikujua nazama, nilijiambia ni uchovu wa kazi. Nilipopata matibabu na kichwa kikakaa sawa, nikafungua yale mafaili, nikachora wiki kwa wiki. Kuna mstari mmoja siusahau, ule wa skrini usiku. Mwanzoni kati ya saa nane na saa kumi na moja alfajiri skrini haifunguliwi kabisa. Baadae mara moja. Baadae mara tatu. Wiki ya saba kuna usiku ilifunguliwa mara kumi na nne, kila mara sekunde kama nane hivi, na hakuna programu iliyofunguliwa. Nilikuwa naangalia saa. Naangalia saa, naizima, nageuka ukutani, naiangalia tena. Nilipoiona ile mistari kumi na nne midogo nililia maana nilikumbuka kila mmoja.

Simu zilizopigwa bila kupokelewa nazo zilipanda. Dada yangu alipiga mara sita wiki ile.

Sasa ngoja niwape upande wa pili. Wiki ambayo GPS ilisema niko vizuri kuliko zote, nimetembea sehemu nyingi, umbali mkubwa, nje ya nyumba karibu kila siku, ilikuwa wiki ya msiba. Nilikuwa nakimbia huku na huko, hospitali, mochwari, kwa ndugu, makaburini. Modeli niliyoitengeneza mwenyewe kwa mikono yangu ilichora mstari unapanda. Nilikaa nikautazama ule mstari muda mrefu sana.

---

NesiWaZamu

Pole sana ndugu yangu kwa msiba na kwa uliyopitia. Nashukuru umeandika wazi hivi.

Mimi nafanya kazi na wagonjwa wa afya ya akili na naomba niongeze la upande wetu. Dodoso tunalotumia sana ni PHQ-9, maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila swali alama 0 mpaka 3, jumla inafika 27, na kuanzia 10 tunaanza kuangalia kwa makini. Shida ni kwamba mgonjwa anakuja baada ya miezi miwili, unamuuliza usingizi vipi, anasema mzuri tu. Sio kwamba anadanganya. Mtu aliyezama kwenye sonona kumbukumbu yake nayo inazama, au jana alilala vizuri basi anaona wiki zote zilikuwa hivyo. Sasa kama angekuja na ule mstari wako wa skrini usiku tungeongea lugha moja. Ningemwonesha nikamuuliza "hapa tarehe hizi kulikuwa na nini?" na yeye ndo angeniambia ni msiba, au ni mtoto mchanga, au ni kweli hali yake. Majibu yanatoka kwake, simu inanipa tu pa kuanzia kuuliza.

Ila swali la tisa la PHQ-9 ni kuhusu mawazo ya kujidhuru au kuona bora ufe. Hilo hakuna sensa inayoliona na nisingependa mtu yeyote akaamini kwamba simu ikinyamaza basi yuko salama. Mtu akiwa na mawazo hayo aambie mtu leo, aende kituo cha afya, asisubiri grafu.

Na jingine, tuseme simu imetoa taarifa saa tisa usiku kwamba mgonjwa wangu hali imebadilika. Nani anapokea? Zamu ya usiku tuko wawili wodi nzima. Taarifa isiyo na mtu wa kuipokea inanitisha kuliko kukosa taarifa.

---

mchakata_data

@NesiWaZamu ahsante sana, nimesoma mara mbili.

Hilo la nani anapokea mi naona liliwasumbua hata wakubwa. Thomas Insel aliongoza taasisi ya taifa ya afya ya akili Marekani toka 2002 mpaka 2015, akatoka, na 2017 akajiunga na kampuni ya Mindstrong iliyotaka kusoma hali ya akili kupitia namna mtu anavyoandika na kusogeza vidole kwenye skrini. Daktari mkubwa, fedha nyingi, matumaini makubwa. 2023 kampuni ikafunga shughuli. Mi naona tuliharakisha kujenga kipimo tukasahau kujenga mkono wa kumshika mtu baada ya kipimo.

---

Njia_Panda

Mi naomba nipinge kidogo jamani, sio utafiti, ila nyie mnavyoona ni kitu cha kawaida. Niliwahi kuweka programu moja ya kuandika hisia kila siku, siitaji jina. Iliomba eneo langu, maikrofoni, anwani za watu wote, nikakubali tu maana nilikuwa vibaya nataka msaada. Baada ya wiki mbili kila nikifungua mtandao natangaziwa dawa za usingizi. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba silali. Nilijisikia kama nimevuliwa nguo. Sasa mnasema data zinakuwa salama, salama wapi? Na mwajiri akizipata? Na bima?

---

mchakata_data

@Njia_Panda pole, na wala hupingi, unasema kweli tupu. Kuna kitu watu wanapenda kusema, "tumeondoa majina kwahiyo usiwe na wasiwasi". 2013 Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake walichukua data za simu za watu milioni 1.5 kwa miezi 15, hazina majina, wakaonesha kwamba ukijua sehemu nne alizokuwepo mtu na saa zake, nne tu, unaweza kumtenga mtu mmoja kati ya wote kwa 95% ya watu. Fikiria, unapolala na unapofanyia kazi tayari ni mbili.

Kwahiyo mi nikiona mradi unatuma GPS ghafi kwenda kwenye seva sikai hata kusoma matokeo. Simu yenyewe inaweza kupiga hesabu ndani, ikatoa "leo amekuwa nyumbani masaa 19, sehemu tofauti 2" bila kusema nyumbani ni wapi. Maikrofoni iseme "mazungumzo dakika 40" basi. Kila sensa iombewe ruhusa peke yake, na mtu akizima moja asitolewe kwenye utafiti. Kwa wewe sasa hivi, ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ruhusa, angalia programu ipi ina ruhusa ya eneo "muda wote", zirudishe kwenye "ninapotumia tu" au zima. Simu za Android kuanzia toleo la 12 zinaonesha alama ya kijani juu kona pale maikrofoni inapotumika, ukiiona na hujui kwanini, fuatilia.

---

mwanafunzi_mwaka_wa_3

Wakuu mimi nataka kufanya mradi wangu wa mwisho kwenye hii mada. Nimepata data za StudentLife maana ziko wazi, modeli yangu inanipa 94%. Nimefurahi ila kwa uzi huu nimeanza kuogopa.

---

mchakata_data

@mwanafunzi_mwaka_wa_3 umeogopa vizuri. Niambie, uligawaje data za kufunza na za kupima? Kama umechanganya siku zote za watu wote ukakata kwa bahati nasibu, basi siku za mtu yuleyule zipo pande zote mbili. Modeli haijajifunza sonona, imejifunza kumtambua mtu, huyu ni yule anayelala saa nane na kupitia maktaba kila Jumanne, na alama yake ya sonona tayari inaijua. Gawa kwa watu. Mtu akiwa upande wa kupima asionekane kabisa upande wa kufunza. Itashuka, usikate tamaa, hiyo iliyoshuka ndo matokeo yako.

La pili mapengo. Android ikiona betri inaisha inaua programu zinazofanya kazi nyuma, iPhone nayo ina ubahili wake, kwahiyo kuna masaa mazima hakuna kitu. Usiyajaze kwa wastani ukaendelea. Mtu akiwa vibaya sana hachaji simu, anaizima, au anaifuta programu yako kabisa, yaani data zinakosekana kwa sababu ileile unayoichunguza. Kwangu mimi wiki ya tisa ina siku nne tupu. Ndo zilikuwa siku mbaya kuliko ile ya mistari kumi na nne.

---

mwanafunzi_mwaka_wa_3

Nimegawa upya kwa watu. Imekuwa 61%.

---

mchakata_data

Iandike hivyohivyo, na weka pembeni ile mbinu ya kubashiri wastani imepata ngapi. Msimamizi akiuliza kwanini ni ndogo mwoneshe zote mbili.

---

Kipupwe

Mkuu swali la mwisho, wewe mwenyewe bado unajirekodi?

---

mchakata_data

@Kipupwe ndio, ila nimepunguza. GPS nimezima kabisa, maikrofoni pia. Nimebakiza skrini usiku na simu nisizopokea, havitoki nje ya simu. Ikitokea usiku tatu mfululizo skrini imefunguliwa zaidi ya mara tano kati ya saa nane na saa kumi na moja, asubuhi simu inaniuliza mimi kwanza, "nimwambie dada?", kuna ndio na hapana. Tulikaa mimi na yeye tukakubaliana hivyo, yeye ndo aliyetaka iwe na hapana.

Mwezi uliopita iliuliza. Nilibonyeza hapana siku ya kwanza, siku ya pili nikabonyeza ndio. Akapiga baada ya dakika kumi, hakuuliza kuhusu usingizi, aliniuliza kama nimeshakunywa chai.

@NesiWaZamu nimekutumia ujumbe pembeni kuhusu ile grafu ya kumwonesha mgonjwa, ukipata nafasi.